Karatasi Niliyompelekea Mwalimu wa Michezo

Kasulu, Ijumaa mchana

Zabroni mwanangu,

Vua viatu kwanza, halafu ukae. Najua umetoka Titye na vumbi lote la barabara, na shangazi yako hawezi kukuachia uondoke bila kula, kwa hiyo njaa huna. Maji ya kuoga yako kwenye ndoo ya bluu, yaache yapoe. Soma hii kwanza. Mimi niko uani nachambua maharage, mlango uko wazi, na sitaingia mpaka uniite.

Mambo ya begi siandiki. Sabuni unajua kununua, soksi unajua kufua. Habari ya sweta ndiyo kabisa sitaki kuigusa, maana nimekuvalisha sweta miaka miwili na nusu hata jua la saa saba, na wewe ukavaa kwa kunionea huruma. Basi, yameisha. Basi la Tabora linaondoka kesho alfajiri, na kabla hujalipanda nina neno moja la kukuambia. Kulifikia inabidi nianze mbali kidogo.

Jana ulimpa binamu yako redio yako. Nikakuuliza, huko Tabora hutaki kusikiliza mpira? Ukasema, "Yeye ataitumia muda mrefu zaidi." Ukasema kwa upole, unatabasamu. Nikaenda jikoni nikashika mwiko nikakoroga sufuria isiyo na kitu ndani. Leo asubuhi nimekuona unaibeba ile picha yenu ya studio, wewe na marehemu kaka yako Japhet, umpelekee shangazi yako aitunze. Zabroni, mtu anayekwenda kuanza kidato cha tano hagawi vitu vyake, anaomba vya wengine. Mtoto wa jirani alipokwenda chuo alibeba mpaka kioo cha sebuleni cha mama yake. Wewe unaaga watu. Unaaga kama mtu ambaye hatarudi. Nimekuelewa vizuri sana, na nimekataa.

Jumanne tulipokwenda hospitali kujaziwa ile fomu ya afya, daktari alikuuliza kama una tatizo lolote. Ukamjibu bila hata kuniangalia, "Nina ugonjwa wa moyo, tangu kidato cha tatu." Akashangaa. Akanigeukia mimi. "Mama, nani alimpima?" Mimi, mwanamke ninayegombana na wachuuzi sokoni mpaka wanahamisha meza, nikaangalia ukutani. Kulikuwa na picha ya mama ananyonyesha, nimeikariri yote. Daktari akakusikiliza kifuani, akakusikiliza mgongoni, akakukimbiza kuzunguka jengo mara tatu, akakusikiliza tena, akachukua na damu. Tukasubiri mpaka saa nane. Akasema, "Moyo mzima, damu nzima. Huyu mpeni jembe." Akagonga muhuri. Njiani ukaniambia, "Mama, daktari hawezi kuona kila kitu. Nyie mnajua mnachonificha, na mimi sina neno."

Huna neno! Yebaba we. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na maneno mdomoni, yakanishinda kuyatema.

Sasa nayatema. Huna ugonjwa wa moyo. Hujawahi kuwa nao hata siku moja. Niliutunga mimi.

Usiitupe karatasi. Endelea.

Kaka yako Japhet unamkumbuka akiwa amelala. Mimi namkumbuka amesimama, miaka kumi na tisa, gunia la maharage begani na bado anaimba, na ameshika simu kwa mkono mwingine. Sokoni walikuwa wananionea wivu kwa kuwa na kijana wa namna ile. Siku moja akalishusha gunia katikati ya njia, akasema, "Mama, nimechoka." Mbele ya wateja nikamwambia, "Umechoka nini, umezaa?" Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akalibeba tena. Miezi miwili nilimwita mvivu, Zabroni. Mtoto wangu damu yake ilikuwa inaharibika na mimi namwita mvivu mbele ya watu. Alipoanza kutoka damu puani tukatibu malaria, tukatibu taifodi, tukarudia malaria. Mwanza ndiko walikotuambia kwamba ni saratani ya damu. Nikamuuliza daktari wa huko kama ni yale magunia. Akasema, "Gunia halileti saratani, mama." Nikamuuliza kama ningemwahi angepona. Akasema hata yeye hajui. Wiki ya sita tukamrudisha nyumbani kwenye jeneza.

Wewe ulikuwa kidato cha pili. Hukulia makaburini. Ulishika kona ya khanga yangu kama mtoto wa miaka minne, na mimi nikaapa pale pale kwamba wewe hutanitoka. Hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Watu walisema mengi, unakumbuka. Nyumba ina mkosi. Tuhame. Mjomba wangu akataka twende Buhigwe kwa mtu anayejua kutaja aliyefanya. Nikamwambia aliyemuua Japhet ana jina, daktari ameliandika kwenye karatasi, na haishi Buhigwe. Mjomba hakunisalimia mwaka mzima, na mimi nikajiona jasiri, mwanamke asiyetishwa na maneno. Kumbe nilikuwa naogopa kuliko wote. Wao walikwenda kwa mganga mara moja wakarudi kulima. Mimi nilikuwa nakuagulia wewe kila siku, asubuhi na jioni, kwa mikono yangu.

Unajua sisi Waha salamu yetu si ya kupungiana. Mtu unamwambia mwidiwe, unamshika mikono yote miwili, unapanda mpaka viwiko, mnakumbatiana, mnaulizana habari za nyumbani, za shamba, za watoto, za mbuzi, na kama hamna mbuzi mnaulizana za mbuzi wa jirani. Ndivyo mama yangu alivyonisalimia, na ndivyo nilivyokusalimia tangu unajifunza kutembea. Baada ya Japhet nikaigeuza salamu kuwa kipimo. Mkono wa kushoto kwenye kiwiko chako natafuta joto. Wa kulia unapanda kwapani natafuta matezi. Nikikukumbatia, shavu langu nimelibandika shingoni kwako nahesabu unavyopumua. Habari za shule? Habari za walimu? Na masomo nayo? Nazivuta ndefu ili nipate muda wa kupapasa. Bibi mmoja jirani akanisifu, eti mama Zabroni anajua kusalimia mtoto wake kwa heshima kama mkwe.

Wewe ulijua. Siku moja ulirudi kutoka shule ukasimama mlangoni, mikono nyuma, ukasema, "Shikamoo mama," kwa mbali, ukapita kwenda ndani. Nilikasirika sana. Nikakufokea kwamba umeiga watu wa Dar es Salaam, umeacha mila. Nathubutu kusema mila, na mimi ndiye niliyeiharibu! Hata leo nikimwona mwanamke sokoni anamsalimia mwanawe vile, taratibu, bila kutafuta kitu chochote, naona uchungu.

Lakini hayo ungeweza kuyabeba. Ninakuja kwenye karatasi.

Mwanzoni mwa kidato cha tatu mwalimu wa michezo alikuona kwenye mchakamchaka, akakuweka kwenye timu ya mbio. Jioni ile ulirudi jasho linatiririka, ukajitupa kwenye saruji ya barazani, mikono huku na huku, unacheka peke yako. Ukasema, "Mama, nimechoka."

Neno lile lile, Zabroni. Ulikuwa unacheka na mimi sikusikia kicheko. Niliingia ndani nikakaa chini. Asubuhi ulipokuwa unaoga nikachana karatasi katikati ya daftari lako la hesabu, nikaandika: Mwalimu, mtoto wangu Zabroni ana ugonjwa wa moyo. Asikimbie, asilime, asibebe maji. Tafadhali asiambiwe, ataogopa. Nikaipeleka mwenyewe, nikamkabidhi mwalimu mkononi. Sikuwa na cheti wala sikuulizwa cheti. Nani atamdai cheti mama aliyezika juzi?

Ukatolewa kwenye timu ukapewa saa ya kupima muda wa wenzako. Nikakuona unarudi nyumbani mkavu, huna jasho, nikamshukuru Mungu. Nilimshukuru Mungu kwa uongo wangu mwenyewe.

Yaliyofuata sikuyajua mpaka juzi. Mwalimu mmoja wa zamu, ambaye hakujua kwamba ilikuwa siri, alikukuta umeshika jembe kwenye shamba la shule akakwambia mbele ya darasa zima, "Wewe mwenye moyo, nenda kivulini." Ukaenda kivulini. Nyumbani hukuuliza kitu. Ulidhani tunakuficha ili usiumie, na wewe ukatuficha kwamba umejua ili tusiumie sisi. Karibu miaka miwili tunakula sahani moja, kila mtu anamhurumia mwenzake kwa ugonjwa usiokuwepo.

Halafu nikaanza kukuona mezani, vidole juu ya mshipa wa mkono, midomo inahesabu. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, kumbe ni kweli! Nilisahau kwamba ni mimi niliyeutunga. Nikauogopa. Nikakukimbiza zahanati, na tena, na tena, mpaka muuguzi akituona tunaingia anasema, "Karibuni wa kila wiki." Baba yako aliporudi kutoka porini kule Kumsenga na asali yake, akakuta umefunikwa blanketi mbili kwa sababu ya kupiga chafya, akasema, "Mwache mtoto augue mafua kama watu wengine." Sikuongea naye siku nne. Mtu yule alikuwa na akili kuliko mimi. Usimwambie nimesema, nitamwambia mwenyewe.

Juzi Jumatano nilikwenda shuleni kwenu. Nilivaa gauni la kanisani kabisa, nikasema kama ni kutukanwa nitukanwe nimependeza. Nikamkuta mwalimu wa michezo ofisini na wenzake wanakunywa chai, nikaomba tutoke nje, halafu nikasema hapana, nilidanganya kwa maandishi, nitasema mbele za watu. Nikasema. Mwalimu akaweka kikombe chini. Akaenda kabatini akatafuta faili lako, karatasi bado imo, imebandikwa kwa pini iliyoshika kutu. Akaisoma tena, taratibu.

"Mama Zabroni," akasema, "unajua huyu mtoto alikuwa anawaacha wenzake nusu uwanja?"

"Sikujua."

"Kuna mashindano ya mkoa nilikuwa nimemwandika jina. Nikalifuta kwa mkono wangu."

Nilijiandaa kwa matusi, na majibu yangu nilikuwa nimeyapanga tangu njiani, unanijua. Hakunitukana. Akanisogezea kiti. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya chai yao na maandazi yao, nikalia kilio ambacho makaburini sikukilia.

Karatasi ile iko ndani ya bahasha hii. Itoe uiangalie. Angalia mwandiko, unaujua. Angalia vile vyumba vidogo vya daftari la hesabu. Daktari ulimkatalia, ukasema hawezi kuona kila kitu, na mimi nimekosa mtu mwingine wa kukuletea. Nimebaki na hiyo tu. Siwezi kukuonyesha moyo wako, naweza kukuonyesha kwamba mama yako ni mwongo.

Nikasirikie. Una haki. Ningeweza kuificha barua hii kwenye begi ukaikute umeshapita Uvinza, unanikasirikia ukiwa mbali na mimi nimejifungia mlango. Niliwaza hivyo, nakiri. Nikaona ni woga ule ule umebadilisha nguo. Ndiyo maana nimeiweka mezani na mimi niko hapo nje. Ukitaka kupiga kelele piga, majirani wasikie. Majirani niachie mimi, majibu yao ninayo.

Sasa nikwambie nilichokiona kwenye miaka hii, halafu uamue mwenyewe. Mwili una kelele zake. Tumbo linanguruma, goti linalia, moyo unakwenda mbio ukipanda kilima, ukimwona msichana, ukiitwa na mkuu wa shule. Na ukiukalia moyo kuusikiliza, lazima utausikia vibaya, hata wangu ukiusikiliza sana unaruka. Mimi kazi yangu ni kuchambua. Miaka ishirini nimeinamia sinia natafuta punje iliyooza, na jicho langu limezoea, likiona sinia zima la maharage mazuri haliridhiki mpaka lipate moja bovu. Kwa maharage ni sawa, wateja wanalipia. Kwa mtoto ni balaa. Nilikuangalia miaka miwili na nusu natafuta kibovu, na sikuwahi kukuona umekuwa mrefu namna hii. Jumanne ulipoinama kupita mlango wa daktari ndipo nilipoona.

Utaumwa huko Tabora. Utashikwa na malaria, utaharisha chakula cha bweni, utaota jipu mahali pa aibu. Ukiumwa nenda ukapimwe kama wenzako, useme kinachouma, wakikuuliza habari za kaka yako uwaeleze, halafu wakikwambia umepona, pona. Hilo la mwisho ndilo lililotushinda nyumba hii. Tulikuwa tunapewa majibu mazuri tunayakataa kama noti bandia.

Na woga hautaisha kwa sababu umesoma barua. Usinidai hilo. Dawa ya woga sina, ningekuwa nayo ningeacha maharage nikaiuza. Mimi mwenyewe unavyochelewa leo nimeshakuzika mara mbili kabla ya saa tisa. Lakini naogopa huku nachambua, naogopa huku nabishana bei, naogopa na bado kesho alfajiri nitakusindikiza stendi nikuone unapanda basi. Nimegundua vinaweza kwenda pamoja. Woga ukae huko unapokaa, usipewe kalamu tu, maana wangu nilipoupa kalamu ukaandika unachokiona humo kwenye bahasha.

Kuna jambo limenikera sana kuanzia Jumatano, na kadiri ninavyolifikiri nakasirika zaidi. Ugonjwa ule ulimchukua Japhet kwa nguvu. Tulipigana nao, tuliuza mbuzi, tuliuza shamba la bondeni, tulishindwa, lakini tulipigana. Wewe haukukugusa. Wewe nilikuwa naupelekea mwenyewe, kidogo kidogo, umefungwa vizuri na sweta. Aa wapi! Ugonjwa umeshakula mmoja katika nyumba hii, na huyu wa pili siubebei. Ukimtaka uje wenyewe kama ulivyokuja mara ya kwanza, na siku hiyo utamkuta yuko uwanjani, hautamkuta mtu kalala anausubiri.

Sasa la mwisho, na hili usinibishie, limeshafanyika.

Chumba chenu nimekipangisha. Amekuja mwalimu mpya wa shule ya msingi, binti kutoka Iringa, hana ndugu hapa, anatetemeka baridi kama yuko kwao vile. Anahamia Jumatatu. Ulipotoka tu leo nimetoa magodoro yote mawili nikayaanika. Lile la Japhet lilikuwa na shuka niliyokuwa naibadilisha kila Jumamosi, wewe ulikuwa unaniona na hukusema kitu. Nimeifua mara ya mwisho, nimempa huyo binti. Kitanda chake atakilalia yeye. Kitanda chako ataweka vitabu.

Likizo ya Desemba njoo, tutakutandikia sebuleni kama mgeni, nitachinja jogoo, na asubuhi utaamshwa mapema kwa sababu watu wanataka kupita. Lakini nakujua. Najua ulichokuwa unapanga ulipogawa redio. Ulipanga kwenda Tabora ukae wiki mbili tatu, kifua kibane, urudi nyumbani ulale kitandani kwako, karibu na cha kaka yako, ungoje. Kitanda hakuna, Zabroni. Ukija kuishi, tutabanana. Ukija kufa, tafuta pengine, hapa pamejaa.

Ni mimi mama yako,
mwongo mpaka Jumatano.